Maini ya Mwezi wa Saba

Katika soko la Kenyatta kichwa kimoja husukwa na watu watatu, wakati mwingine wanne. Mteja huketi katikati kwenye kiti cha plastiki na wasusi wakamzunguka, mmoja kisogoni, mmoja kulia, mwingine kushoto, na rasta ambazo mtu mmoja angezimaliza jioni huwa tayari kabla ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa wa kulia. Msichana ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa wa kushoto. Kwa zaidi ya mwaka tulionana hivyo, kichwa cha mtu mwingine kikiwa kati yetu.

Nilifika pale kama nilivyofika kila mahali, nikipita tu. Shule niliiacha darasa la saba. Nikiulizwa husema ni karo, na kweli karo haikuwepo, lakini hata ingekuwepo nisingekaa. Nilipika chapati kwa wajenzi kando ya Ngong Road, nikafagia duka la kuchapisha kadi za arusi katikati ya mji, nikafanya kazi za nyumbani kwa familia ya Wahindi Westlands. Kila mahali nilichoka upesi. Kitu pekee ambacho sikuwahi kukichoka ni kuuliza. Kule Westlands nilimuuliza bibi wa nyumba kwa nini hagusi vitunguu, kwa nini analala kichwa upande ule, kwa nini mkwe wake mjamzito anaondolewa papai mezani kama kisu, mpaka yule mkwe akaniuliza kama niliandikwa kupika au kuhoji.

Kazi ya kusuka ilinifaa kwa hilo. Mtu uliyeshika nywele zake hana pa kwenda. Atajibu.

Nilipata mimba mwaka ule ambao ghafla kila mteja alianza kuja na simu ya mkononi na kuiweka pajani ili ionekane. Baba wa mtoto alikuwa fundi wa mabomba, mtu mpole, naye hakuwa na la kusema juu ya chakula. Mama yangu alikuwa amekufa. Basi nikaanza kuwauliza wateja: "Kwenu, mama akiwa na mimba, anakatazwa kula nini?"

Sijawahi kuuliza swali likapendwa hivyo. Wanawake waliokuwa wamenuna walifunguka. Mmoja alisema kwao ni mayai, kwa sababu mtoto atazaliwa hana nywele, na mwingine akamkatiza kutoka kiti cha pili kwamba si nywele, ni wizi, mtoto atakuwa mwizi. Mwingine alisema samaki, mtoto atatokwa na mate mdomoni mpaka aanze shule. Maziwa humpaka mtoto utando mweupe. Parachichi humnenepesha tumboni, nawe upasuliwe. Nanasi huitoa mimba. Nyama ya kondoo, sikumbuki sababu. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, mtu wa pwani, mwenye sauti ya taratibu, alinionya kuhusu pilipili na vitu vyote vya moto. Nikaongeza papai la Westlands. Maini yalikatazwa na mama mmoja mnene aliyekuja kusukwa kwa ajili ya mazishi. Alisema maini ni damu iliyoganda, na mtoto atazaliwa na mabaka usoni. Alifungua hata kitambaa, akatoa picha ya mdogo wake akatuonyesha baka.

Nilinunua daftari dogo la shule nikayaandika yote. Sikuandika nani kasema nini. Niliandika tu: mayai, samaki, maziwa, maini.

Leo mtu yeyote angeliona kosa. Wale waliokatazwa mayai walikuwa na samaki. Waliokatazwa samaki walikuwa na maziwa. Kila jamii ilifunga mlango mmoja na kuacha mingine wazi, na hivyo ndivyo mama zao walivyozaa. Mimi niliiokota miiko ya nusu ya Nairobi, nikaifunga milango yote katika nyumba moja.

Yule wa kushoto alikuwa na mimba pia, miezi miwili nyuma yangu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne au mitano, mrefu, mwenye vidole vyepesi kuliko vyetu sote. Alilelewa katika makao ya watoto upande wa Kibera na hakujua alikotoka. Wateja walipomuuliza, "Wewe ni wa wapi?" alijibu, "Wa hapa hapa," wakacheka wakidhani anawatania.

Alilipenda daftari kuliko mimi. Kila asubuhi, kabla hatujafungua pakiti za nywele, aliniambia, "Haya, soma ya jana."

"Jana ni kunde. Mtoto anazaliwa na vipele."

"Kunde imeenda." Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea habari nzuri.

"Nyinyi wawili mtakula nini sasa?" mteja mmoja aliuliza kutoka chini ya mikono yetu. "Hewa?"

"Ugali na sukuma, mami. Na strungi, chai bila maziwa."

"Na mawe," nilisema, na wote wakacheka. Nasema mawe yale laini ya kutafuna ambayo wanawake wajawazito hununua sokoni. Jambo la ajabu ni kwamba katika wanawake wote niliowauliza, hakuna hata mmoja aliyekataza mawe.

Siku moja nilimuuliza yule wa kushoto kwa nini anayashika mambo yale kwa nguvu namna ile. Tulikuwa peke yetu, tunachambua nywele. Alinijibu bila kuniangalia. "Mimi nilikua nikisikia watu wakisema, kwetu hatuli hiki, kwetu hatufanyi hivi. Mimi nilikuwa nakula kila kitu nikipewa. Sasa na mimi kuna kitu sili."

Nilipaswa kuisikiliza sentensi ile. Niliona fahari tu. Mimi, wa darasa la saba, nilikuwa nimempa mtu kwao.

Na sasa niseme jambo lenyewe. Mimi sikuyashika. Niliyashika kama wiki mbili, halafu nikafanya nilivyofanya na kila kitu maishani mwangu. Soko la Kenyatta ni vibanda vya nyama choma upande mmoja na vya nywele upande wa pili, na moshi haujui mpaka. Nilisuka tangu asubuhi harufu ile ikiniingia puani, na jioni nilishuka Dagoretti Corner karibu na chumba changu, nikaingia hoteli ndogo nyuma ya kituo, nikaagiza maini ya kukaanga na chapati mbili. Nilichagua Dagoretti Corner kwa sababu wenzangu wote walikuwa wanaelekea njia nyingine. Nilikaa nimeupa mlango mgongo. Kulikuwa na maziwa ya kuchemsha pia, na mayai, na siku za mshahara wa fundi wangu, samaki. Nilijiambia kwamba mtoto wangu ana damu ya baba yake na kwao hawana miiko hiyo. Kesho yake asubuhi nilimsomea mwenzangu daftari.

Alikuwa akikonda uso huku tumbo likikua. Aliketi chini mara nyingi. Mteja mmoja alilalamika kwamba upande wa kushoto unachelewa, na mimi nikahamia upande ule nikamsaidia, nikahisi mimi ni mtu mwema.

Kliniki tulikwenda pamoja. Mimi nilikuwa na miezi minane, yeye alikuwa ndio kwanza ameingia wa sita. Tuliketi kwenye benchi moja refu la mbao na wanawake wengine, na sista, muuguzi mmoja mkavu mwenye miwani, alituita wawili wawili ili amalize foleni. Alikuwa na majibu yetu ya damu mkononi. Alinitazama mimi mara moja tu. "Wewe uko sawa." Kisha akamvuta mwenzangu kope ya chini, akamgeuza viganja.

"Mama, wewe unakula nini?"

"Chakula, sista."

"Chakula gani? Mayai?"

"Hapana."

"Maini unakula? Samaki? Maziwa? Maharagwe hata?"

Alitikisa kichwa kwa kila kimoja, kwa adabu, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Huna pesa ama ni nini?"

"Si pesa. Sisi hatuli."

"Sisi ni nani?" Sista aliweka kalamu chini. "Nani alikudanganya? Unataka kuzaa na damu gani? Ya kuazima? Niambie, nani alikwambia?"

Nilikuwa nimekaa karibu naye hivi kwamba goti langu liligusa lake. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu. Niliangalia sakafu, ilikuwa ya saruji nyekundu, na kulikuwa na ufa uliotoka mguu wa meza hadi mlangoni. Naukumbuka ufa ule kuliko ninavyokumbuka uso wa sista.

"Ni nyanya yangu," mwenzangu alisema.

"Basi mwambie nyanya yako akuje hapa na damu yake. Ujinga wa kijijini mnauleta mpaka mjini." Wanawake wawili walicheka. Akageukia kwangu. "Na wewe rafiki yake, unamwona hivi, hukumwambia kitu? Wewe unakula nini?"

"Kawaida tu, sista."

Hayo ndiyo niliyosema. Kawaida tu.

Nje mwenzangu aliegemea ukuta. Nilingoja anitazame vibaya. Alinitazama, lakini kwa mshangao. "Wewe damu yako ni kali," alisema. "Tunakula sawa na yako iko juu. Labda ni ya ukoo."

Nilimwambia ale maini kama alivyoambiwa. Nilimwambia siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Alikataa. "Sista anasoma kwa karatasi. Hii yetu imetoka kwa watu. Wewe mwenyewe si huli na uko sawa?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Nilihitaji maneno matatu tu: mimi nakula maini. Angekula siku hiyo hiyo. Niliyaandaa nikisuka, niliyaandaa nikitembea, na kila mara nilipofungua mdomo niliona uso wake ukisema "ni nyanya yangu", na mdomo ukajifunga. Kwa hiyo nikatafuta njia ya kupita pembeni. Siku ya nne nilikuja na daftari nikiwa nimeandika ukurasa mpya.

"Jana nilimsuka mama wa Lamu," nilidanganya. "Ameniambia kwao maini yanakatazwa mpaka mwezi wa saba tu. Ukifika wa saba, lazima ule. Kila siku. Ukikosa, mtoto anakuja bila nguvu."

"Lazima?"

"Lazima. Na mayai pia."

Macho yake yakang'aa. Alilichukua daftari mkononi mwangu akasoma mwandiko wangu, midomo ikicheza. Kisha akahesabu kwa vidole. "Bado wiki mbili na siku tatu," alisema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema mwezi wa sita. Nilisema wa saba kwa sababu saba ilisikika kama mila ya kweli. Nilitaka uongo wangu upendeze. Na yeye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupita pembeni, alingoja wiki mbili na siku tatu zote. Nilimwambia hata akianza mapema si neno. Akacheka. "Wewe ndiye uliandika." Siku ilipofika alinunua maini kwenye kibanda cha jirani yetu, akayala amesimama, macho amefumba, mafuta yakimtiririka kidevuni, akanikatia kipande. "Kula na wewe, yako ilishafika zamani." Nilikula. Nilijifanya kwamba ni mara ya kwanza.

Mimi nilizaa salama, mvulana mzito. Yeye alizaa kabla ya siku zake. Nilikwenda hospitalini nikiwa na mtoto wangu mgongoni na chupa ya uji mkononi, nikamkuta ametundikiwa damu, ya pili, wakasema, na midomo yake ilikuwa rangi ya majivu ya jiko. Mtoto, msichana, alikuwa chumba kingine, kwenye kisanduku cha joto, mdogo kiasi kwamba kitambulisho cha mkononi walimfunga mguuni na bado kilipwaya. Nilisimama kwenye kioo nikamtazama. Mtoto wangu alikuwa amelala mgongoni, joto, mzito kama gunia la viazi. Niliona haya hata kwa uzito wake.

Mwenzangu alimgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili na kuninyooshea kidole. Sauti yake ilikuwa hafifu. "Huyu ndiye nilikuwa nakwambia. Kama si yeye kuniambia mambo ya mwezi wa saba, sista anasema ningekufa."

"Mungu akubariki, dada," yule mgonjwa aliniambia.

Nilisema amina. Kisha nikamnywesha uji.

Walikaa pale karibu mwezi mzima, na wakatoka hai wote wawili. Mimi sikukaa niwaone wakirudi sokoni. Nilisema mtoto ananihitaji nyumbani, halafu nikapata kiti Westlands, katika saluni ya chini ya jengo la maduka ambako hakuna moshi wa nyama na wateja hawaulizwi maswali. Daftari sijui lilipotelea wapi. Watu wanaonijua husema mimi ni mtu wa kuhamahama, kwamba sikai mahali. Ni kweli, lakini nilihama mara nyingi kwa kuchoka, na mara ile moja nilikimbia.

Ilipita miaka minne. Nilikuwa nimehamia saluni nyingine, orofa ya tatu ya jengo la zamani katikati ya mji, ambako kila mteja alisukwa na mtu mmoja tu. Asubuhi moja mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu akaingia akihema kwa sababu ya ngazi, mkono mmoja kiunoni.

"Kumbe umejificha huku!" alipiga kelele, akanikumbatia kabla sijajua nifanye nini na chanuo. "Nimekutafuta mimi! Sitaki mtu mwingine anisuke."

Niliuliza habari za msichana wake. Yuko nasari, alisema, mdogo wa mwili lakini mdomo wake ni wa mama mkwe. Tulicheka. Nilimkalisha mbele ya kioo nikaanza kugawa nywele. Nilikuwa nimemaliza nusu ya kichwa, upande wa kushoto, uliokuwa upande wake zamani, ndipo nikauliza lile nililoliona tangu mlangoni.

"Uko mwezi wa ngapi?"

"Tano. Bado miwili nianze maini." Alilisema kama mtu anayetaja Krismasi. "Hiyo daftari bado unayo? Nyingi nakumbuka lakini nataka nimwandikie na mke wa kaka ya bwanangu, ako na mimba ya kwanza."

Kwenye kioo nilitazama mikono yake iliyolala juu ya tumbo. Sikuhitaji kuvuta kope. Viganja vilikuwa vyeupe.

Mikono yangu ilisimama. "Hakuna mwezi wa saba," nilisema.

"Hakuna nini?"

"Hiyo ya maini. Hakuna mama wa Lamu. Nilitunga mimi."

"Wacha mchezo wewe. Na usivute hapo, inauma."

"Nilitunga kwa sababu ulikataa kula. Na ulikataa kwa sababu ulidhani mimi sili. Mimi nilikuwa nakula."

Kwenye kioo tuliangaliana, kichwa chake nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kichaka. Hakuweza kuondoka hivyo, na wala mimi sikuweza.

"Ulikuwa unakula nini?"

"Maini. Dagoretti Corner, jioni."

"Mara moja?"

"Karibu kila siku."

"Na mayai?"

"Na mayai."

"Samaki?"

"Ndiyo."

"Maziwa. Avokado. Kunde." Aliendelea, kimoja kimoja, kwa utaratibu ule ule wa daftari, ukurasa kwa ukurasa. Alilijua kwa moyo. Mimi niliyeliandika nilikuwa nimesahau kwamba uyoga ulikuwamo. Kwa kila kimoja nilijibu ndiyo.

"Mawe?" aliuliza mwisho.

"Mawe tulikula pamoja."

Pembe ya mdomo wake ilitikisika, nikadhani atacheka. Hakucheka. "Mimi nilikuwa naota yai," alisema polepole. "Unajua? Usiku. Naota nimeshika yai limemenywa, na nikiamka najipongeza."

Nilishika upya fungu la nywele.

"Sista aliponiuliza, nilisema ni nyanya yangu."

"Nilikuwa hapo."

"Najua ulikuwa hapo. Goti lako lilikuwa linanitetemekea. Nikafikiri ni huruma." Alijifuta uso kwa taulo la mabegani. Nilianza kusema nisamehe, na akainua mkono. "Usiniambie pole ukiwa umeshika nywele zangu. Maliza kichwa."

Kulikuwa na mzee mmoja aliyepanda ngazi za jengo lile kila siku saa nne na ndoo ya mayai ya kuchemsha, na chumvi yake katika kikaratasi. Tulimsikia akiita kwenye korido. Mwenzangu alimwita kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. Alichukua matatu. Alivunja la kwanza kwenye mkono wa kiti, akalimenya pajani, akalila lote huku akinitazama kwenye kioo. Kisha la pili, bila chumvi. Hakuharakisha. Nilikuwa na kichwa chake mikononi, na mstari wa nywele haugawiki bila kuangalia, kwa hiyo nilibaki nimeangalia.

La tatu aliliweka kwenye mkoba. "Hili ni la mke wa shemeji," alisema. "Nitamwambia mimi mwenyewe. Nitamwambia na ni nani aliniambia."

"Mwambie," nilisema, nikachukua uzi mwingine wa nywele.